Mnaosubiri chanjo ya Urusi, kwanza tuelewane daktari wa saratani anafanya nini

Tangu Septemba 2025 kuna ujumbe haujaacha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ukipotea wiki mbili unarudi na picha mpya ya kichupa na bendera ya Urusi, unasema chanjo ya saratani imepatikana, inaponya asilimia mia, itatolewa bure, watumie wote unaowapenda. Kwenye grupu letu la ukoo uliingia usiku, kufika asubuhi watu wameshamshukuru Mungu mpaka unashusha ukurasa mkono unachoka, halafu katikati ya zile amina binti mmoja akauliza: mama ana kemo ya tatu Jumanne, tumpeleke au tusubiri hii? Watano wakamjibu asubiri. Hakuna aliyemuuliza mama ana saratani ya nini, imefika wapi, wala ile kemo alipewa kwa lengo gani. Nimekaa na hilo jambo siku kadhaa na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzo. Ile habari imeeleweka vibaya, na haikueleweka vibaya kwa sababu watu wetu hawana akili, ni kwa sababu wengi tunamchukulia daktari wa saratani kama mgawa dawa, kwa hiyo ikija dawa kali zaidi yeye na drip zake wanasogea pembeni. Ukikaa karibu na hiyo kazi hata kwa miezi michache unaona dawa ni kipande cha mwisho kabisa, kazi yenyewe ni kuamua, kuamua huu ni ugonjwa gani hasa, umefika wapi, mwili huu unaweza kubeba nini, tunatafuta kuponya au tunatafuta kumpa mtu miaka mizuri. Hata hiyo chanjo ikija kweli itapita kwenye meza hiyohiyo na maswali yatakuwa hayohayo.

Tuanze na kilichosemwa. Veronika Skvortsova, anayeongoza shirika la serikali la Urusi la tiba na baiolojia, alizungumza kwenye kongamano la uchumi kule Vladivostok akasema chanjo yao imemaliza majaribio ya awali, kwamba ni salama hata ikirudiwa, kwamba uvimbe ulipungua au ukapunguza kasi ya kukua kwa asilimia 60 hadi 80 kutegemea aina ya ugonjwa, na kwamba wanaanza na saratani ya utumbo mpana. Sasa majaribio ya awali maana yake ni maabara na wanyama, ni hatua inayokuja kabla ya kuwagusa binadamu, na hiyo asilimia mia hakuitaja, imeongezwa njiani na watu wa mitandaoni. Kwa upande mwingine kampuni za Moderna na Merck za Marekani zina chanjo ya aina hiyo iliyojaribiwa kwa wagonjwa 157 wenye saratani ya ngozi iitwayo melanoma, ikapunguza hatari ya ugonjwa kurudi au mtu kufa kwa asilimia 44, ni jambo kubwa sana na mimi sitaki mtu anisome kama nadharau sayansi. Lakini angalia ilitolewaje. Wagonjwa walifanyiwa kwanza upasuaji ule uvimbe ukatolewa, kila aliyewekwa upande wa chanjo akatengenezewa yake peke yake kutokana na uvimbe wake mwenyewe, na akapewa pamoja na dawa nyingine ya kuamsha kinga. Kwa hiyo hata kwenye mfano wenye ushahidi mzuri tulionao kuna daktari wa upasuaji, kuna maabara ya kusoma kinyama, yaani kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, kuna mtu aliyesema huyu anafaa na yule hafai, chanjo imekuja juu ya hayo yote.

Na neno lenyewe limetuponza. Ukisikia chanjo unafikiria surua na polio, kitu unachochomwa ukiwa mzima ili usiugue. Hizi za Urusi na Marekani ni matibabu ya mtu ambaye tayari anaumwa. Chanjo ya kuzuia saratani kwa maana tunayoijua ipo na inafanya kazi, ni ya HPV, kirusi kinacholeta karibu saratani zote za shingo ya kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bure. Shingo ya kizazi ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko zote nchini, na nimeona kwa macho yangu mzazi anayesambaza ile ya Urusi huku barua ya shule ya chanjo ya HPV ameirudisha na jibu la hapana. Inauma, maana ile ya mbali haijafika na hii iko kwenye shule ya mtaa.

Hii hamu ya kitu kimoja kitakachomaliza yote hatukuanza nayo leo. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe shilingi 500, magari foleni kilomita na kilomita porini, watu wakatoka Kenya na kwingineko, wengine walitolewa vitandani hospitalini na wapo waliofia kwenye foleni. Simsemi marehemu kwa ubaya, alifariki 2021 na aliyoyaamini aliyaamini kwa dhati. Ninachosema ni kwamba kikombe kilikuwa kimoja kwa kisukari, kwa pumu, kwa Ukimwi, kwa kansa, hakikuuliza chochote. Ndiyo maana kilipendwa. Hospitali inauliza maswali mengi, inakuzungusha, inakurudisha wiki ijayo, na ukiwa na maumivu usiku kucha kitu kisichouliza kinakuwa kitamu kuliko kinachouliza.

Sasa hayo maswali yana kazi gani? Nitaeleza kwa kitu nilichokibeba kwa mikono yangu. Mama mdogo alitolewa uvimbe wa titi kwenye hospitali moja mkoani, baada ya upasuaji nesi akanikabidhi kichupa cha plastiki chenye kinyama ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi, na karatasi, nipeleke maabara mjini kwa sababu pale hawakuwa na mtu wa kukisoma. Nilisafiri nacho basi la usiku nimekibana katikati ya miguu ndani ya kimfuko, harufu inachoma pua, abiria wa jirani akauliza ni nini nikasema ni dawa. Kufika pale dirishani kijana wa maabara akakiinua kwenye mwanga, akaniuliza kimekatwa saa ngapi, titi la kulia au la kushoto, mbona dawa iliyomo ni kidogo kuliko nyama. Sikuwa na jibu hata moja na karatasi haikuandikwa upande. Nilikasirika nikaona ananisumbua. Miezi baadaye ndiyo nikaelewa kwamba kinyama kisipolowa vizuri kinaanza kuharibika, na kikiharibika vile vipimo vya ndani zaidi vinaweza kutoa jibu la uongo, na jibu la uongo hapo ni matibabu ya uongo mbele. Ilibidi vile vipimo virudiwe alipofanyiwa upasuaji wa pili.

Hivyo vipimo vya ndani ni hivi. Saratani ya titi tunaiita jina moja lakini ukifika maabara zinagawanyika. Kuna inayolishwa na homoni, hiyo ina milango ya homoni kwenye seli zake, mgonjwa anaweza kupewa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano mpaka kumi, bei yake ukilinganisha na dawa nyingine za saratani ni ya kawaida sana. Kuna yenye protini ya HER2 kwa wingi, hiyo ina sindano yake, trastuzumab, kila wiki tatu kwa mwaka mzima. Na kuna isiyo na hivyo vyote, hiyo tamoksifeni haiisaidii hata umeze ndoo, inategemea zaidi kemo na upasuaji. Wanawake watatu wamekaa benchi moja, wote wana uvimbe kwenye titi, wote wanaonekana sawa, na dawa ya mmoja kwa mwenzake ni kupoteza muda na hela. Ndio maana ukimuuliza daktari wa saratani dawa yake ni ipi atakutazama tu, kwake hilo swali halijakamilika. Mama mdogo yake ilikuwa ya homoni, yuko mwaka wa sita kwenye kidonge, analima.

Halafu linakuja swali la ugonjwa umefika wapi, hapo ndipo panapochosha watu kuliko kote, skani ya kifua, altrasaundi ya tumbo, damu, figo, wakati mwingine mifupa. Ndugu wanasema tumeshajua ni kansa sasa mnapima nini tena, mnatuchelewesha anakufa. Naelewa hasira hiyo, nimekuwa nayo. Lakini fikiria saratani ya shingo ya kizazi. Ikiwa ndogo imebaki palepale, upasuaji unaweza kumaliza. Ikiwa imeshatoka kwenda pembeni, kukata hakusaidii, anahitaji mionzi pamoja na dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki. Ikiwa imefika kwenye mapafu, mionzi ya wiki tano haitamponya, itamchosha bure, yeye anahitaji mpango mwingine kabisa. Anayekimbilia kukata bila kujua imefika wapi anaweza kumwacha mgonjwa na kidonda kibichi na ugonjwa ukiwa ndani bado, na kidonda hicho kitachelewesha mionzi ambayo ndiyo ingemsaidia tangu mwanzo. Kwa hiyo zile wiki mbili za vipimo nazo ni matibabu, ingawa mwilini hakijaingia kitu. Sisemi kila ucheleweshaji ni halali. Kuna karatasi zinalala kwenye droo, kuna foleni ya skani ya mwezi mzima, hayo ni maovu na lazima tuyapigie kelele, ila tuyatenganishe na ule muda ambao daktari anautumia kufikiri.

Na hafikiri peke yake. Hospitali zinazofanya vizuri zina kikao cha pamoja, anakaa wa upasuaji, wa dawa na mionzi, aliyesoma kinyama, aliyesoma picha, wanaweka faili la mtu mmoja katikati wanabishana. Kwetu Tanzania daktari wa onkolojia kwa kawaida anafunzwa dawa na mionzi vyote viwili, nchi nyingine wanagawana. Watoto na saratani za damu wana wataalamu wao, ndio maana mtoto mwenye uvimbe anapelekwa Muhimbili na mama yake anaweza kupelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, familia inaona ni kuzungushwa lakini ni milango miwili tofauti kweli.

Mionzi nayo ina lawama yake: kwa nini siku 25, si wamchome siku moja aende nyumbani, au ni kwa ajili ya hela? Mionzi inaharibu ule mwongozo wa ndani ya seli ambao seli inautumia kujigawa, inaugonga wa seli mbaya na wa seli nzima vilevile, tofauti ni kwamba seli nzima inajikarabati vizuri zaidi ikipewa saa kadhaa na ya saratani inashindwa. Kwa hiyo unagonga kidogo leo, unasubiri, unagonga kesho, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki tano, kila siku seli nzima zinainuka na zile nyingine zinazidi kudhoofu. Ukimpa yote siku moja unachoma kibofu na utumbo vilivyo jirani. Kabla ya siku ya kwanza mgonjwa amelazwa kwenye skani, daktari amekaa kwenye kompyuta akichora mpaka wa uvimbe picha baada ya picha, mwanafizikia akapiga hesabu za miale, na mgonjwa akachorwa alama za wino kwenye nyonga na kuambiwa usizifute. Nilikutana na bibi mmoja kwenye benchi alikuwa anaoga kwa kitambaa chenye maji akizunguka zile alama kama mtu anayefuta vumbi pembeni ya picha ya marehemu mumewe, alizilinda wiki tano zote.

Kemo nitaipitia haraka. Dozi inapigwa kwa urefu na uzito wa mtu, inashambulia seli zinazojigawa kwa kasi, nywele na utando wa mdomo na uboho vinaumia kwa sababu navyo vinajigawa kwa kasi, na zile siku 21 kati ya dripu na dripu ni za uboho kutengeneza damu upya. Damu isipopanda mgonjwa anarudishwa nyumbani. Watu wanaona amefukuzwa. Ukweli ni kwamba kumwekea kemo mtu ambaye hana askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, ni kumwacha afe kwa homa ya siku mbili, na ndio maana homa yoyote ya nyuzi 38 baada ya kemo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo, sio panado na kusubiri asubuhi. Hili peke yake likijulikana kila nyumba yenye mgonjwa litaokoa watu.

Sasa nije kwa wanaopinga, maana wana hoja na sio zote nyepesi.

Hoja ya kisu, kwamba saratani ikiguswa inasambaa, ninaisikia kila msiba. Na watu wana kitu walichokiona: fulani alikatwa kinyama mwezi wa tatu, mwezi wa saba tukamzika. Kilichotokea mara nyingi ni kwamba alifika ugonjwa ukiwa umeshatembea, wagonjwa wetu wengi wanafika hatua ya tatu na ya nne, kisu kilikuja mwishoni kikabebeshwa lawama za miezi yote iliyopita. Lakini sitasema wamekosea kila mahali. Kuna aina chache za uvimbe, kwa mfano wa korodani au wa misuli, zikichokonolewa sehemu isiyo sahihi na mtu asiyejua zinaharibu njia ya upasuaji wa baadaye. Na kuna madhara makubwa zaidi ya uvimbe uliokatwa kituoni kama jipu, ukatupwa, haukupimwa, mwaka umepita umerudi mkubwa. Kwa hiyo hofu ya kisu ingegeuzwa ikawa swali zuri, nani anakata, na hicho anachokata kinakwenda wapi.

Hoja ya gharama na lugha ndiyo nzito na mimi nainamisha kichwa. Kenya SHA, bima yao ya afya ya umma, ilipoanza Oktoba 2024 kiwango cha saratani kiliwekwa shilingi 550,000 za Kenya kwa kaya kwa mwaka, wagonjwa wakalalamika kinaisha matibabu yakiwa katikati, na matibabu ya saratani yakikatika katikati sio sawa na kupumzika, ugonjwa unarudi umezoea dawa. Huku kwetu hata pale matibabu yenyewe yanaposamehewa bado kuna nauli, kuna mahali pa kulala wiki tano, kuna shamba lililoachwa. Na lugha, jamani. Mgonjwa anasafiri siku nzima, anaonwa dakika chache, anaambiwa "tutakuanzishia protokali", anatoka na karatasi. Daktari ameona faili arobaini siku hiyo, namwelewa, lakini kama kazi yake ni kuamua basi kumweleza mwenye mwili alichoamua ni sehemu ya kazi, na pale wanapokaa kimya ndipo ujumbe wa Urusi unapopata nafasi. Anayesambaza uongo ana muda wa kueleza, hilo ndilo anatushinda nalo.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo yenye kelele kuliko zote, kwamba dawa ipo tangu zamani madaktari na kampuni wanaificha ili wale hela. Julai 2019 Kenya ilipoteza watu watatu wakubwa ndani ya mwezi mmoja, Bob Collymore wa Safaricom kwa saratani ya damu, mbunge wa Kibra Ken Okoth kwa saratani ya utumbo mpana, na Gavana wa Bomet Joyce Laboso aliyekuwa amepambana na saratani kwa miaka. Wote walitibiwa nje, London, Paris, India. Kama kuna dawa iliyofichwa, inafichwa kwa nani kama sio wao wa kuinunua? Madaktari wa saratani nao wanaugua na kuzika wake zao na watoto wao. Na pale dawa inapofanya kazi haifichwi hata kidogo. Burkitt, ule uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958, unatibiwa kwa kemo bila kukata na watoto wengi wanapona, na moja ya dawa zake ni vinkristini inayotoka kwenye lile ua la pinki la Madagascar linaloota kwenye viunga vya nyumba nyingi huku pwani. Kwa hiyo na wale wa mitishamba nawaambia hakuna ugomvi na mmea, pakilitaxeli imetoka kwenye gome la mti, ugomvi ni kunywa bila kipimo bila mtu kujua unapambana na nini, na zaidi kunywa kimyakimya huku upo kwenye kemo, ini lako linabeba vyote na daktari hajui kwa nini vipimo vimeharibika.

Kuna upande mwingine unaodhani suala ni mashine. Serikali zikizindua mashine ya mionzi kuna kukata utepe na picha, na ni haki kufurahi, Uganda wanajua maana yake, mashine yao pekee pale Mulago iliharibika 2016 na nchi nzima ikabaki bila mionzi mpaka nyingine ilipokuja miaka miwili hivi baadaye, watu wengine wakapelekwa Nairobi. Huduma kusogea Mwanza, Moshi na kwingine imepunguza safari za mateso. Lakini mashine inapiga pale ilipoelekezwa. Anayesoma kinyama akikosekana, mwanafizikia akikosekana, ile mashine ya mabilioni inapiga kwa kubahatisha au inalala. Mimi ningependa siku moja nione utepe unakatwa kwa ajili ya maabara ya patholojia mkoani, kwa ajili ya vijana watano waliorudi na shahada ya kusoma vinyama, ili mwanangu asije akapanda basi na kichupa kati ya miguu.

Kitu cha mwisho ninachotaka kukigusa ni jina lenyewe Ocean Road. Jengo la Wajerumani la 1895, taasisi kwa sheria ya 1996, na mitaani ni neno la kunong'onezwa, ameshapelekwa Ocean Road, maana yake andaeni turubai. Watu wanachelewa kwenda kwa sababu waliokwenda walikufa, na waliokwenda walikufa kwa sababu walichelewa kwenda, na huo mduara hauvunjwi na chanjo ya nchi yoyote. Na hata kwa yule ambaye kupona hakupo tena, daktari wa saratani bado ana kazi, na sio ndogo. Mionzi ya siku moja tu inaweza kutuliza mfupa uliokuwa unamnyima mtu usingizi. Mwanamke anayevuja damu bila kukoma, mionzi michache inaikausha. Morfini ya kunywa, ambayo kule Uganda Anne Merriman aliipigania tangu 1993 mpaka ikafika vijijini, inampa mtu kukaa na wajukuu akiongea. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2010 kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu, waliopewa tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na mateso, mapema pamoja na matibabu ya kawaida waliishi kwa nafuu zaidi na kwa wastani waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo daktari akikwambia lengo sasa ni kupunguza maumivu hajaweka kalamu chini, amebadilisha lengo na anaendelea kupiga hesabu.

Ukikubali hayo, maswali ya kumpelekea yanabadilika. Usimuulize dawa ipo? Muulize kinyama kimesomwa kimesemaje, ni aina gani, hatua gani, hii tunayoanza ni ya kuponya au ya kupunguza, tukichelewa wiki mbili inakuwaje, nikipata homa nampigia nani. Andika kwenye daftari, nenda na ndugu mmoja anayeandika haraka, omba nakala ya majibu ya kinyama uiweke nyumbani kwenye bahasha na vyeti vya kuzaliwa, maana faili la hospitali linaweza kupotea na wewe ukaanza moja.

Yule binti nilimpigia simu siku ileile, grupu nililiacha na amina zake. Nikamwambia mpeleke. Jumanne walikwenda, wakatoka nyumbani saa kumi alfajiri, mama akatolewa damu, wakasubiri mpaka saa sita, daktari akaangalia karatasi akasema chembe nyeupe ziko chini, leo hatuweki, rudini Jumanne ijayo, na homa ikija msisubiri. Safari hii binti hakuona wamefukuzwa. Aliniandikia tu kwamba amenunua kipimajoto, na mama ameomba uji wa ulezi.